Garimoshi halisukumwi na moshi: kwa dada wa Tukuyu anayerudi Zittau mwezi wa Oktoba

*"Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tukuyu. Mwaka jana mwezi wa Julai nilikwenda Herrnhut, Ujerumani, na ujumbe wa kanisa letu. Wenyeji wetu walitupeleka Zittau kuona garimoshi la zamani linalopanda hadi Oybin. Tulilifuata kwa gari mchana kutwa, mara tunalipita, mara linatupita, nikapiga picha karibu mia moja. Nilipozitazama nyumbani, hakuna moshi! Kichwa cheusi kinapita kama kimezimwa. Mwenzangu mmoja anasema siku hizi wameficha dizeli ndani, lile bomba ni pambo tu. Oktoba hii nimealikwa tena, na nitakwenda na binti yangu wa miaka 12 ambaye ana pumu. Nifanyeje picha zitoke kama zile za kwenye kalenda? Binti apande treni, au tulifuate tu kwa gari? Au nisubiri twende Livingstone, Zambia, ambako ni karibu? Halafu, ni kweli TAZARA, reli yetu ya kwenda Zambia, haikuwahi kuwa na garimoshi? Babu yangu anaapa kwamba alipanda 'relwe' hapa Mbeya kabla ya Uhuru, na wajukuu wanamcheka. Ndaga fijo, asante sana."*

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na nadhani juu kuna picha lakini chini yake kuna hofu: kwamba ulidanganywa, ukashangilia kitu cha bandia mbele ya wenyeji wako. Hukudanganywa. Vichwa vile vinachoma makaa ya mawe na kuchemsha maji hadi leo. Vile vikubwa vyenye magurudumu kumi ya kuendeshea vilianza kuundwa mwaka 1928, na reli yenyewe ilifunguliwa mwaka 1890, mwaka mmoja tu kabla wamisionari wa Moravian hawajaanzisha kituo chao pale Rungwe. Kwa hiyo reli uliyoiona ina umri wa kanisa lenu, na garimoshi lake ni la kweli. Picha zako zilitoka kavu kwa sababu ya hewa ya Julai na kwa sababu ya mahali uliposimama.

Kosa limeanzia kwenye lugha yetu wenyewe. Tumeliita garimoshi, gari la moshi, na jina hilo limetufanya tuamini kwamba kile kinachopaa angani ni moshi na kwamba ndio unaolisukuma. Kazi yote inafanywa na mvuke, na mvuke wa kweli hauonekani kwa macho.

Usiniamini hivihivi. Weka birika jikoni, liache lichemke sawasawa, kisha inama utazame mdomo wake kwa upande. Pale mdomoni kabisa, upana wa kidole kimoja au viwili, hutaona kitu. Wingu jeupe linaanza mbele kidogo. Ile nafasi tupu ndiyo mvuke. Wingu jeupe ni mvuke uliokwisha kupoa na kurudi kuwa vitone vidogo vya maji. Hewa ikiwa ya moto, vitone hivyo vinakauka kabla hujavifurahia. Ikiwa baridi, vinajikusanya na kukaa. Wewe wa Tukuyu nikufundishe nini kuhusu ukungu? Asubuhi ya Juni pale Isyonje kila mtu anatoa wingu mdomoni akisema neno moja, lakini ukishuka Kyela mchana wa Novemba unaweza kuhubiri saa nzima pasitoke kitu. Pumzi ni ileile, ila hewa inayoipokea imebadilika.

Sasa uingie ndani ya kichwa chenyewe. Nyuma kuna tanuri, na mchochezi anarusha makaa kwa sepetu. Moto na gesi zake zinapita ndani ya mabomba mengi yaliyozama kwenye maji ya boila, yaani tangi la kuchemshia maji. Maji yanachemka lakini hayana pa kwenda, kwa hiyo presha inapanda. Hapa nakuomba ufikirie maharage. Mbeya mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa kuwa tuko juu, mita 1,700, na hewa inayokandamiza maji ni nyepesi. Ndiyo maana maharage ya Mbeya hayataki kuiva, na ndiyo maana ukiyafungia kwenye sufuria ya presha yanasalimu amri. Boila ni sufuria ya presha ya kutisha. Kwenye presha ya bar 14, yaani mara kumi na nne hivi ya mkandamizo wa hewa ya kawaida, ambayo ni ya kawaida kwa vichwa vya namna hiyo, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 200. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke na kuachiwa katika hewa ya kawaida inahitaji nafasi ya lita 1,600 hivi. Hamu hiyo ya kutanuka ndiyo inayosukuma pistoni.

Dereva anapofungua mvuke, unaingia kwenye silinda, unasukuma pistoni upande huu, kisha upande ule. Ukishafanya kazi unatolewa kupitia bomba lililoelekezwa juu, katikati kabisa ya dohani. Ile sauti ya *chafu, chafu, chafu* ndiyo kila pumzi inayotoka, na kwa kichwa cha silinda mbili ni pumzi nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Halafu kuna jambo ambalo mimi, baada ya miaka mingi ya kufungua na kufunga injini za dizeli, bado naliona ni moja ya mawazo mazuri kuliko yote yaliyowahi kuingia katika kichwa cha fundi. Pumzi hiyo inapotoka kwa nguvu inafyonza gesi zote za tanuri kupitia mabomba, na hivyo inavuta hewa mpya chini ya moto. Injini inajivutia moto wake yenyewe. Mlima ukiwa mkali, dereva anafungua mvuke zaidi, pumzi inakuwa nzito, moto unavutwa zaidi, na mvuke mwingi zaidi unazaliwa, wakati uleule unapohitajika. Hakuna kompyuta inayoamrisha. Wazee walionifundisha kazi, ambao walikuwa wamechochea moto enzi za reli ya Afrika Mashariki, walikuwa wanasema kichwa kinaomba chakula chenyewe.

Umeona sasa kilichokupata? Kichwa kikiteremka, dereva anafunga mvuke, treni inaserereka kwa uzito wake, na hakuna kinachotoka kwenye dohani. Kikiwa kwenye tambarare na kimeshika mwendo, kinatoa kidogo. Wewe ulikuwa unafukuzana nacho barabarani, na mahali ambapo gari hupata nafasi ya kupiga breki na kusimama kwa raha mara nyingi ni tambarare au mteremko. Ongeza joto la mchana wa Julai, ambalo Ulaya ni kiangazi, na vitone vyote vimekauka kabla hujabonyeza kitufe.

Neno moja kuhusu moshi mweusi, maana najua utautamani. Huo ni makaa ambayo hayakuungua yote. Mchochezi hodari haoni fahari nao, kwa sababu kila wingu jeusi ni makaa yaliyopotea hewani. Ukiuona mwingi, ama makaa mapya yametupwa sasa hivi, ama wameutengeneza makusudi kwa ajili ya wapiga picha. Wingu jeupe, zito, lililosimama juu ya mabehewa ndilo la kutafuta.

Ndiyo sababu Oktoba itakufaa. Kule wana majira ya majani kupukutika, kuanzia Septemba hadi Novemba. Baadhi ya vitabu vyetu huyaita vuli, na hilo huchanganya watu, maana vuli ni mvua za pwani na kaskazini. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua na hiyo vuli tunaisikia redioni. Katika majira hayo asubuhi za Zittau ni za baridi ya kushika masikio, miti ya vilimani inageuka manjano na kahawia, na jua halipandi juu sana. Hilo la jua ni zawadi kubwa. Kwetu Oktoba saa sita mchana jua liko utosini na picha zinakuwa bapa. Kule linapita chini chini kutwa nzima, kwa hiyo unaweza kusimama upande ambao mwanga unatokea nyuma ya wingu, na wingu lote linawaka. Katikati ya Oktoba jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi, kwa hiyo treni ya kwanza ya asubuhi ndiyo yako. Kufika adhuhuri hewa itakuwa imepata joto na utaanza kurudi kwenye shida ya Julai.

Sasa ufuatiaji wenyewe. Nakuomba uache kabisa kulifukuza. Litangulie, ulisubiri. Reli ile ni nyembamba, milimita 750 tu kati ya chuma na chuma, na treni inakwenda polepole kiasi kwamba gari lolote litafika mbele bila kukimbizwa. Chagua sehemu mbili au tatu tu kwa siku nzima, na zote ziwe mahali linapopanda au linapoondoka. Linapoondoka kituoni ndipo linapovuta uzito wote kutoka kwenye kusimama, na hapo pumzi ni nzito hata kama ardhi ni sawa.

Mahali pa kwanza pa kwenda ni stesheni ya Bertsdorf. Pale reli inagawanyika, mkono mmoja kwenda Oybin na mwingine kwenda Jonsdorf, na kwa ratiba fulani treni mbili za mvuke huondoka pamoja kwa wakati mmoja, ubavu kwa ubavu, kisha kila moja inashika njia yake. Waombe wenyeji wako waangalie kwenye ratiba ni saa ngapi hilo linatokea siku mtakayokuwepo. Kumbuka saa zao: wakiandika 9:00 ni saa tatu asubuhi, usije ukafika jioni. Ukishaiona Bertsdorf, nenda upande wa Oybin ambako reli inapanda kuingia milimani, tafuta mahali halali nje ya uzio, simama, na usikie kwanza. Utalisikia muda mrefu kabla hujaliona.

Waache wenyeji waendeshe. Kule wanaendesha kulia, na wewe macho yako yatakuwa kwenye reli. Mtu anayeangalia treni hapaswi kushika usukani, iwe Ujerumani, iwe kwenye mlima Nyoka wetu ambako malori yanashuka kutoka Uyole kama yameitwa. Msiegeshe karibu na makutano ya reli na barabara. Msikanyage njia ya reli hata kama inaonekana ya kuchezea kwa wembamba wake. Kichwa cha mvuke kinachoserereka kwenye mteremko hakina kelele, nawe sasa unajua kwa nini.

Unaweza kujizoeza hapa nyumbani kabla hujasafiri, bila gharama. Kutoka Makambako kwenda Tunduma, reli ya TAZARA na barabara kuu zinakwenda zikifuatana sehemu kubwa. Reli inatoka kwenye tambarare ya Usangu na kupanda hadi Uyole, ambako ndiko juu kuliko kote katika kilomita zake zote 1,860, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Ulizia stesheni lini treni ya mizigo inapita, omba ruhusa kwa stesheni masta kama unataka kupiga picha eneo la kituo, kisha simama kwenye barabara ya jumla upande wa mpando huo. Ni dizeli, haina wingu jeupe, lakini sikio lako litajifunza tofauti kati ya injini inayovuta na injini inayoserereka. Somo hilo ni lilelile.

Kuhusu binti. Hapa nasema kwa uangalifu, maana mimi ni fundi, si daktari. Moshi wa makaa ya mawe una chembe ndogo sana na gesi ya salfa, na vyote viwili vinaweza kuchokoza pumu. Hewa baridi yenyewe pia inaweza, kwa hiyo hata kusimama tu kando ya reli asubuhi ya Oktoba ni jaribio kwa kifua chake. Kabla hamjakata tiketi ya ndege, mpeleke kwa daktari anayemtibu, umwambie wazi: baridi, moshi wa makaa, safari ndefu. Aamue kama pumu imetulia vya kutosha, na akuandikie utaratibu wa dawa. Dawa ya kuvuta ya dharura ikae mfukoni mwa koti la mtoto mwenyewe, isiwe kwenye begi ndani ya gari.

Daktari akiruhusu, mimi ningempandisha. Mtoto wa miaka 12 atakumbuka kupanda kuliko kufuata. Mkae behewa la mwisho kabisa, mbali na dohani, ndani, madirisha yamefungwa. Msikae kwenye behewa la wazi wala msisimame kwenye vibaraza vya mwisho wa mabehewa. Wakati wa kupiga picha, mwangalie upepo unakotoka na msimame upande huo, moshi uende kwa wengine na si kwenu. Skafu juu ya pua na mdomo husaidia kupasha hewa joto. Akianza kukohoa au kubanwa, mwisho wa picha kwa siku hiyo. Akishindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, midomo ikibadilika rangi, au dawa ya kuvuta isipomtuliza, ni dharura, na namba ya dharura kule ni 112. Cheche au chembe ya makaa ikiingia jichoni, kwake au kwako, msisugue. Osheni kwa maji safi mengi, na kama jicho linaendelea kuuma nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Umeuliza Livingstone. Nakuelewa, ni jirani, na reli yake ina upana uleule wa TAZARA, milimita 1,067, kwa hiyo ni ndugu wa reli inayopita mlangoni kwetu. Pale kuna treni ya watalii ya chakula cha jioni ambayo imekuwa ikivutwa na vichwa vya mvuke vilivyofufuliwa. Lakini bei yake ni ya watalii, na Oktoba Livingstone ni joto la kuchoma, mwezi mbaya kuliko yote kwa wingu jeupe. Utarudi na picha zilezile za Julai. Ukipenda kwenda huko, nenda Juni au Julai, na kwanza upige simu kuhakikisha kwamba ni mvuke unaovuta siku hiyo na si dizeli. Uliza swali hilohilo Zittau na popote pengine. Katika milima ya Harz, mahali pengine Ujerumani penye mvuke, kiangazi kikiwa kikavu mno huweka dizeli kwa kuogopa cheche zisiwashe misitu, na wageni waliosafiri mbali hubaki wanatazama.

Kuna treni nyingine inayowachanganya watu wa Mbeya na Makambako: ile ya kifahari ya Rovos Rail kutoka Afrika Kusini, yenye mabehewa ya kizamani, inayopita kwenda Dar es Salaam. Mabehewa ni ya kizamani kweli, lakini kwenye reli yetu huvutwa na dizeli.

Na hilo linanileta kwa babu. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi 1976, na tangu mwanzo ilitumia dizeli kutoka China. Garimoshi halikuwahi kufika Mbeya wala Iringa. Hata hivyo naomba wajukuu waache kumcheka mzee. Kabla ya Uhuru, shirika la reli lilikuwa na mabasi yake, yakibeba abiria na vifurushi kutoka Nyanda za Juu hadi kwenye reli ya kati, na mtu aliyepanda basi hilo Mbeya alikuwa amepanda relwe. Ilikuwa safari moja ya shirika moja, iliyoanza kwa magurudumu ya mpira na kumalizikia kwenye garimoshi.

Mwambie pia jambo moja ambalo huenda litamfurahisha. Miaka ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitengeneza vichwa 34 vikubwa kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, kila kimoja tani 252, vyenye nguvu kuliko kichwa chochote cha mvuke cha reli ya mita moja duniani. Vilipewa majina ya milima yetu. Kimoja kiliitwa Mlima Mbeya, kingine Mlima Rungwe. Vyote hivyo viwili vilikatwakatwa vikawa vyuma chakavu. Ndugu yao aitwaye Mlima Gelai, namba 5918, yuko Nairobi kwenye makumbusho ya reli, na siku mkipita huko mpigeni picha na binti hata kama amesimama tu.

Halafu muulize babu swali moja: basi lake lilipita Iringa au Chunya? Akisema Iringa, garimoshi alilipandia Dodoma. Akisema Chunya, alilipandia Itigi.